Gari la Namba E Linalong'aa, au la Namba C Lenye Daftari?

Mzee wangu wa safu ya magari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ninayeishi Iringa mjini, na shule ninayofundisha iko kilomita 22 kutoka nyumbani, nusu ya njia ikiwa ya vumbi na mawe. Kwa miaka 9 sasa familia yetu imekuwa ikitumia Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, yenye herufi B kwenye namba ya usajili (namba B), ambayo imetubeba kwenda kazini, hospitalini, shambani na misibani, na hata usiku ule wa mvua nilipokwenda kujifungua mtoto wetu wa mwisho, ndiyo iliyonipeleka. Nakueleza haya ili ujue kwamba sikulichoka gari hili kwa kutamani la kisasa. Limefika mwisho, na uwezo wetu wa kulihudumia nao umefika mwisho.

Tatizo lilianza na rejeta iliyovuja. Fundi aliichomelea mara mbili, kisha tukainunua nyingine, kisha ikaja pampu ya maji, kisha feni, na mwezi wa Septemba mwaka jana gasketi ya silinda hedi ikaungua. Hedi ilipelekwa kuchongwa na tukaambiwa gari limepona, lakini halikupona. Kila ninapopanda kutoka Ipogolo kuja mjini, mshale wa joto unapanda pamoja nami, na mara mbili nimelazimika kuegesha kando nikiwa na watoto, tukisubiri injini ipoe huku daladala zikitupita. Wiki tatu zilizopita nilifungua kifuniko cha kuwekea oili nikakuta chini yake utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Fundi alipouona alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niache kuliendesha.

Nina daftari ninaloandikia matumizi ya nyumbani. Nilipojumlisha fedha iliyoingia kwenye gari hili kwa miezi 14 iliyopita, nilipata shilingi 1,895,000, na hapo sijahesabu nauli za bodaboda za siku ambazo gari lilikuwa gereji.

Sasa mbele yetu kuna njia tatu. Fundi wetu anasema tununue injini ya mtumba na kuifunga, kwa jumla ya shilingi 2,300,000, naye anaahidi kwamba gari litarudi kuwa jipya. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu aliyeko Dar es Salaam, ametupatia kupitia dalali Toyota IST ya namba E, rangi ya fedha, inayosemekana kuwa ya mwaka 2006 na kuwa na kilomita 68,000 tu, kwa shilingi 14,500,000. Picha zake zinavutia mno. Njia ya tatu ni jirani yetu, afisa kilimo mstaafu, anayeuza Toyota Raum ya mwaka 2004 aliyoiingiza nchini mwaka 2013. Ni namba C, ina kilomita 164,000, rangi imefifia kwenye boneti, na anataka shilingi 8,700,000. Alinionyesha daftari la matengenezo ambalo ameliandika kwa mkono tangu siku gari lilipofika.

Akiba yetu ni shilingi 12,500,000, tuliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka mitano. Kwa hiyo IST itatulazimu kuchukua mkopo wa mshahara wa shilingi 3,000,000. Mume wangu anaelekea kwa mdogo wake, na anasema si busara kutoka namba B tukaenda namba C, kwa kuwa watu wataona hatujapiga hatua yoyote. Mimi moyo wangu uko kwenye Raum, lakini kilomita zake zinaniogopesha, na sipendi kumvunja moyo shemeji ambaye ametuhangaikia kwa nia njema. Dalali naye anapiga simu kila siku akisema kuna mteja mwingine. Naomba unishauri kama unavyomshauri binti yako.

Mwalimu na mama wa watoto watatu, Iringa

*

Mwanangu mwalimu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeniwekea tarakimu ambazo watu wengi wanaoniandikia huzificha au hawazijui. Mtu anayejua kwamba gari lake limemla shilingi 1,895,000 kwa miezi 14, yaani kama shilingi 135,000 kila mwezi, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kuamua.

Niruhusu nianze na Carina, kwa sababu kilichoiua kinaweza kuliua na gari lijalo. Muulize fundi wako swali moja: themostati iko wapi? Nina hofu kubwa kwamba ilitolewa siku ile rejeta ilipoanza kuvuja. Ni mazoea ya gereji nyingi kuitoa na kusema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu, ilhali katika injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Injini inapopata moto huyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima, ndiyo maana gari linakwenda vizuri kwenye tambarare lakini linachemka kwenye mlima kama ule wa Ipogolo, na asubuhi za baridi za Iringa linachelewa kupata joto na kunywa mafuta bila sababu. Jambo la pili ni maji ya bomba. Rejeta inapovuja watu hujaza maji ya kawaida badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, nayo yanaleta kutu ndani, kutu inaziba mirija myembamba, na hedi ya aluminiamu inapochemka mara kwa mara inapinda. Hedi iliyopinda na kuchongwa, kisha ikachemshwa tena, haina maisha marefu. Ule utando wa rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, na fundi wako alisema kweli alipokuambia usiliendeshe.

Je, mfunge injini ya mtumba? Hapana. Simlaumu fundi, kwa kuwa injini ya mtumba iliyo nzima huendesha gari kwa miaka mingi, na kama gari lenyewe lingekuwa na bodi imara na giaboksi yenye afya ningekuambia fanya hivyo kesho. Lakini shilingi 2,300,000 itanunua injini peke yake. Haitanunua giaboksi iliyofanya kazi tangu mwaka 1998, wala bushi, wala nyaya zilizokauka, wala sakafu iliyoliwa na kutu. Isitoshe, injini hiyo hamtaisikia ikiunguruma mpaka imeshafungwa na kulipiwa. Utakuwa umetumia karibu theluthi mbili ya thamani ya gari zima ili ubaki na gari lile lile la miaka ishirini na zaidi.

Sasa tuje kwenye herufi, maana naona ndiyo inayomsumbua mume wako. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao inaeleza jambo moja tu, nalo ni kipindi ambacho gari lilisajiliwa Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini wala limetunzwa vipi. IST ya mwaka 2006 iliyoshuka meli hivi karibuni itapata namba E, na Raum ya mwaka 2004 iliyoshuka mwaka 2013 ilipata namba C, ingawa tofauti ya umri wa magari yenyewe ni miaka miwili. Kwa hiyo mnapolipa shilingi 5,800,000 zaidi, sehemu kubwa ya fedha hiyo mnalipia herufi, na herufi hainywi oili wala haipandi mlima. Mweleze mume wako hivyo kwa utulivu, jioni watoto wakiwa wamelala, na umwekee daftari lako mezani. Usimwambie kwamba mdogo wake amekosea, kwa sababu hajakosea. Ameleta alichokiona.

Sisemi kwamba IST ni gari baya. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, ni miongoni mwa magari yaliyozifaa sana barabara na mifuko yetu. Ile ya cc 1,300 ina injini ya 2NZ, ya cc 1,500 ina 1NZ, spea zake zinapatikana Kariakoo, Ilala na hata hapo Iringa mjini, na hakuna fundi asiyeijua. Na Raum ya mwaka 2004 inatumia injini hiyo hiyo ya 1NZ, na yote mawili yana giaboksi ya otomatiki ya gia nne ya kawaida. Maana yake ni kwamba huchagui kati ya teknolojia mbili. Unachagua kati ya historia mbili, moja unayoweza kuisoma na nyingine iliyo mdomoni mwa dalali.

Hizo kilomita 68,000 zinanitia shaka kuliko 164,000. Inawezekana kabisa gari la Japani likawa na kilomita chache, kwa sababu wenzetu wengi hupanda treni, lakini jambo hilo huthibitishwa kwa karatasi. Gari linapotoka Japani huwa na cheti cha kusafirishwa nje ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa huko, na kama lilinunuliwa mnadani huwa na karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake. Ukiona daraja limeandikwa R au RA, ujue liligongwa na kutengenezwa. Mwombe shemeji azione karatasi hizo kwa macho yake, si kwa maneno ya dalali. Zikikosekana, gari lenyewe litasema. Mpira wa pedali ya breki uliolika mpaka chuma kikaonekana, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango si vya gari la kilomita 68,000. Aivute pia mikanda ya abiria mpaka mwisho, kwa kuwa chini yake kuna kitambulisho cha kiwandani ambacho mara nyingi huwa na tarehe ya kutengenezwa, na alinganishe na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Haraka ya dalali isikushughulishe. Kama mteja mwingine yupo kweli, basi na alinunue. Ningekuwa mimi, ningemtumia shemeji ujumbe huu: "Shemeji, tunashukuru sana kwa kuhangaika. Tunaomba gari lipimwe na fundi tutakayemlipa sisi wenyewe, na tuone kadi halisi kabla ya kuzungumzia bei." Ujumbe huo haumvunji moyo mtu mwema. Muuzaji akikubali, mtakuwa na jambo la kulinganisha, na akikataa, shemeji mwenyewe ataona kwa nini mliacha, tena bila ninyi kusema neno. Lakini mkopo wa mshahara kwa ajili ya gari ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyekaa ndani yake, mwanangu, nakukataza kama ningemkataza binti yangu. Makato yatakuja kila mwezi hata gari likiwa limelala gereji.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini sishauri mliagize wenyewe kutoka Japani. Kwa akiba hii sishauri. Magari yenye umri wa zaidi ya miaka 10 yanatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru mwingine na VAT ya asilimia 18, na TRA, mamlaka ya mapato, hukokotoa kodi kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, haijalishi wewe ulinunua kwa bei nafuu kiasi gani. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao na kila mtu anaweza kukitumia kabla ya kutuma hata senti moja.

Basi twende kwa jirani.

Daftari la mzee huyo ndilo lililonifanya nikae nikuandikie kwa urefu, lakini usilinunue daftari kabla ya kulisoma. Hesabu kilomita kati ya mabadiliko ya oili. Kwa barabara za vumbi kama zenu, kilomita 4,000 hadi 5,000 ni utunzaji mzuri. Ukikuta pengo la kilomita 15,000 lisilo na maandishi, muulize kwa heshima kilichotokea, kwani huenda alikuwa mgonjwa au gari lilikuwa kwa mtoto wake. Tafuta kama giaboksi imewahi kubadilishiwa oili yake, kama kulanti imewahi kubadilishwa, na kama kuna mahali pameandikwa "kuchemka". Injini ya 1NZ ina bloku ya aluminiamu yenye silinda za chuma chembamba, na haichongwi kirahisi kama injini za zamani, kwa hiyo iliyowahi kuchemka vibaya ni ya kuachwa hata ikitolewa kwa shilingi 6,000,000.

Panga naye Jumamosi saa 12:30 asubuhi, na umwombe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mtu amelipasha joto ili kuficha jambo, na uahirishe. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili kama ulivyofungua cha Carina, kisha fungua kifuniko cha rejeta uone maji yana rangi gani. Geuza swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi: taa ya injini na taa ya eabegi lazima ziwake, kisha injini ikiwaka zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayokataa kuzima, maana inaweza kuwa imefungwa makusudi. Wakati wa kuwasha, mwache mumeo asimame nyuma ya bomba la moshi. Moshi mweupe mwembamba unaotoweka baada ya dakika chache ni mvuke wa baridi ya Iringa. Ule wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka mwembamba mara moja tu baada ya gari kulala, yawezekana ni sili za valvu, jambo la kuzungumzwa kwenye bei. Lakini ukirudi tena baada ya injini kupata moto na kukanyagwa mafuta, rudi nyumbani.

Kisha mteremke nalo mpaka Ipogolo na mpande tena mjini. Kipimo bora kuliko hicho sikijui, na kiko mlangoni kwenu. Mkiwa na watu wanne ndani, gia zibadilike bila kushtua wala kuchelewa, na mshale wa joto usimame mahali pamoja kuanzia chini hadi juu. Tafuta pia uwanja ulio wazi, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku gari likienda polepole, na usikilize sauti ya kukatakata magurudumuni, ambayo ni ya jointi za ekseli. Baada ya hapo nenda nalo kwenye kipande cha vumbi cha njia ya shuleni kwako, kwa sababu hapo ndipo shokapu, bushi na boljointi zinaposema ukweli. Ukiwa huko angalia ule mlango wa kuteleza wa Raum. Vumbi hukaa kwenye reli yake na mpira wake hukauka, na ukipitisha vumbi watoto wako watakohoa kila siku. Si kasoro ya kuliacha gari, lakini ni kasoro ya kupunguziwa bei.

Mwisho wa siku hiyo mlipie fundi mwingine, asiye wa jirani wala asiye yule anayetaka kukufungia injini, alipime kwa mashine na kulitazama kutoka chini. Aziangalie bolti za madigadi na za boneti kama zimewahi kufunguliwa, na chesesi kama ina mahali palipochomelewa. Rangi iliyofifia kwenye boneti mimi naipenda. Inaniambia kwamba hakuna mtu aliyelipiga rangi ili aliuze.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi kwa sababu sheria haina mengi. Namba ya chesesi iliyo kwenye gari ifanane na ya kwenye kadi herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha jirani. Angalieni kwa namba ya gari kama linadaiwa faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi na ada za maegesho za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, fedha ipite benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja, wewe na jirani mkiwa na namba zenu za mlipakodi (TIN). Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho ya shilingi 50,000 na ada ya kadi mpya ya shilingi 10,000. Kwamba ni jirani na mnasali pamoja isiwe sababu ya kuacha kadi ibaki na jina lake. Akifariki, warithi wake hawatajua mlichokubaliana, nami nimeshuhudia familia mbili zilizopendana zikipelekana mahakamani kwa sababu hiyo.

Sasa tarakimu zako. Shilingi 8,700,000 za gari, hata asipopunguza. Shilingi 147,000 za uhamisho. Shilingi 118,000 za bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, ingawa mkiweza bima kubwa, inayolipia na gari lenu, kwa mwaka wa kwanza ningefurahi. Kisha shilingi 1,600,000 ambayo nakuomba uihesabu kama sehemu ya bei ya gari wala isiguswe kwa jambo lingine: oili ya injini na chujio lake, oili ya giaboksi, kulanti mpya, themostati halisi, plagi, pedi za breki, bushi zilizochoka na tairi mbili au nne kadiri tarehe zitakavyosema. Jumla ni shilingi 10,565,000, na mnabakiwa na shilingi 1,935,000 za akiba pasipo deni la mtu. Mkienda kwenye IST mnaanza mkiwa mmepungukiwa shilingi 2,000,000 kabla ya kulipa hata stempu.

Ikiwa Raum itashindwa majaribio ya Jumamosi, usisikitike na usikimbilie IST siku hiyo hiyo. Panda bodaboda mwezi mmoja zaidi. Waambie walimu wenzako na wauguzi wa hospitali ya mkoa kwamba unatafuta gari la mtu mmoja lenye kumbukumbu. Magari ya namna hiyo hayafiki kwa madalali, huuzwa kwa maneno baada ya ibada na kwenye vikao vya harusi.

Na Carina msiitupe, wala msiiuze kwa kuficha. Pangeni bei ya gari kama lilivyo, mwambieni mnunuzi kwamba gasketi imekufa na maji yameingia kwenye oili, na mwandike hivyo kwenye mkataba. Mafundi wengi watalitaka kwa ajili ya milango, taa, giaboksi na viti, na baadhi yao wana injini tayari. Bei itakuwa ndogo kuliko mlivyotarajia, lakini hakuna atakayekuja kugonga mlango wenu usiku. Nanyi fanyeni uhamisho wa kadi hata kama linakwenda kuvunjwa, kwa sababu faini ya barabarani hufuata jina, na jina lililo kwenye kadi ile bado ni lenu.

Ukishalipima la jirani, niandikie mshale wa joto ulisimama wapi mlipofika juu.